Inapitika? Miguu, miamba na bei ya kiwanja Mwanza

Mtu akienda kutazama kiwanja Mwanza, swali la kwanza analomtupia dalali ni hili: "Inapitika?" Na dalali, ambaye jibu analo mdomoni tangu asubuhi, atasema, "Muda wote, bosi. Hata masika." Wote wawili wanazungumzia gari. Mnunuzi huenda hana gari, wala hana mpango wa kuwa nalo kabla nyumba haijafika lenta, lakini anaulizia gari. Kama njia inapitika kwa miguu haulizi, maana kwa fikra zetu miguu inapita popote.

Hapo ndipo hesabu ya nyumba inapoanza kwenda kombo. Daladala haimfuati mtu mlangoni. Anayenunua kiwanja ananunua pia njia ya kwenda lami, ya kwenda kwa mangi, ya shule, ya zahanati, na njia hiyo ataitumia yeye na watu wake kila siku iendayo kwa Mungu. Je, imo ndani ya bei aliyoambiwa? Imo, lakini si pale anapotazama. Katika mitaa mingi ya jiji letu, kutembeka kwa mtaa kunaonekana kwenye kodi ya chumba mapema sana kuliko kwenye bei ya kiwanja. Anayenunua na anayetembea ni watu wawili tofauti, na kila mmoja ana bei yake.

Tuanzie mbali kidogo.

Mizani ya Seattle na sato wa Mwaloni

Mwaka 2007 huko Seattle, Marekani, ilianzishwa Walk Score, tovuti inayoipa kila anwani alama kuanzia 0 hadi 100 kwa kuangalia vilivyo jirani nayo: duka la vyakula, shule, mgahawa, bustani na kadhalika. Kilicho ndani ya mita 400 hivi, yaani mwendo wa dakika 5, kinapewa alama zote. Kadiri kitu kinavyosogea mbali alama zinapungua, na kilichozidi nusu saa ya kutembea hakihesabiwi kabisa.

Mwaka 2009 mchumi Joe Cortright alichukua mauzo ya nyumba zaidi ya 90,000 katika masoko 15 ya nyumba nchini humo, akayalinganisha na alama hizo. Katika masoko 13, nyumba zenye alama nyingi ziliuzwa kwa bei ya juu zaidi. Alama 1 ya nyongeza iliendana na ongezeko la kati ya dola 700 na dola 3,000 kwenye bei ya nyumba, kutegemea mji. Bakersfield, California, tofauti haikuonekana. Las Vegas mambo yalikuwa kinyume kabisa: kadiri alama zilivyopanda, bei ilishuka.

Mtu atauliza, wanajuaje kwamba bei imepanda kwa sababu ya kutembea na si kwa sababu ya vigae au idadi ya vyumba? Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Sato wawili, ukubwa mmoja, uzito mmoja. Mmoja ameshuka kwenye mtumbwi sasa hivi, mwingine amelala kwenye barafu tangu jana. Bei zinapishana. Hakuna kibao kilichoandikwa "ubichi, shilingi kadhaa", lakini ile tofauti ndiyo bei ya ubichi. Wachumi wa nyumba hufanya vivyo hivyo. Hukusanya nyumba nyingi, husawazisha kwa hesabu vyumba, umri, ukubwa na kipato cha mtaa, kisha hutazama kilichobaki kinaelemea wapi.

Njia hiyo ina udhaifu wake, na ni vizuri usemwe. Mtaa wenye maduka karibu mara nyingi una mambo mengine pia, kwa mfano uko jirani na kazi au umekaa kwenye ardhi iliyokuwa na thamani tangu zamani. Huwezi kuutenga mguu na vyote hivyo kwa usafi kama unavyotenganisha mchele na pumba. Na Las Vegas imetuonyesha kwamba si kila mji unalipia kitu kilekile.

Sasa ilete mizani hiyo Mwanza, ujionee inavyochanganyikiwa. Ukisimama Mabatini, ndani ya dakika 5 umezungukwa na maduka, magenge, mama lishe, fundi viatu, wakala wa pesa, shule, na daladala za barabara ya Nyerere. Alama zingejaa. Nenda Capri Point, ile rasi iliyojichomeka ziwani jirani na katikati ya jiji: kuta ndefu, mageti, bougainvillea, upepo mtamu, na maduka ya kuhesabu kwenye vidole. Alama zingepungua. Bei za ardhi, kila mtu anajua zimekaa vipi.

Haimaanishi kwamba watu wa Mwanza hawathamini kutembea. Ni kwamba Mabatini mtu hutembea kwa lazima, na Capri Point hutembea jioni kupunguza tumbo. Mizani ya Seattle inadhani kila mtu ana gari na anaulizwa kama yuko tayari kuliacha nyumbani. Kwetu swali limegeuzwa: miguu ipo tayari, inatembea na itaendelea kutembea; kinacholipiwa ni kile inachokanyaga, na uhuru wa siku moja moja kutoitumia. Pamoja na hayo kuna hati, ukubwa wa kiwanja na mandhari ya ziwa, mambo ambayo hakuna duka la mangi litakaloyafidia.

Mlima na mfuko wa saruji

Mwanza si mji wa tambarare. Kwa sensa ya mwaka 2022, wilaya mbili zinazobeba jiji, Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1, na sehemu yao nzuri imejibandika kwenye vilima vya mawe vinavyouzunguka mji: Mabatini, Igogo, Bugarika, Isamilo kwa juu, Kitangiri. Mgeni akitazama usiku kutoka ziwani huona taa zimepangana hadi kileleni akasema ni pazuri. Ni pazuri kweli. Asubuhi ndiyo utajua taa zile zinashukaje.

Vilima hivi vina kitu ambacho mtaa mpya wa pembezoni hauna: ukaribu. Mtu wa Igogo anashuka mjini bila nauli. Ndiyo maana watu walijenga pale, hata mahali ambapo mpimaji hakuwahi kufika. Lakini ramani hupima umbali kama ndege arukavyo, na binadamu hapandi kama ndege. Mita 400 za Nyakato, ambako ni tambarare, na mita 400 za kupanda Mabatini kwa kuruka jiwe hadi jiwe ni safari mbili tofauti, hasa kama kichwani kuna ndoo ya lita 20.

Hebu tazama mfuko wa saruji. Una kilo 50 ukiwa dukani barabarani, na una kilo 50 ukiwa juu ya mlima, lakini si mfuko uleule kwa bei. Kati ya duka na msingi kuna kijana mwenye gunia begani aliyekunja suruali, na kwa kila mfuko ana malipo yake. Mchanga unapanda kwa debe. Nondo zinapanda zikiwa zimekunjwa, watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wakipigiana kelele kwenye kona. Bati linapanda siku isiyo na upepo, kwa sababu siku ya upepo linaweza kuondoka na mbebaji. Kokoto peke yake ndiyo ina nafuu, kwa kuwa mawe yako palepale na kina mama wa kugonga hawakosekani. Fundi mwenye uzoefu wa milimani anapokupa makadirio ya ujenzi, huweka fungu la kupandisha mali pembeni kabisa, na fungu hilo ndilo linalowashtua wageni.

Hilo ndilo linalopunguza bei ya kiwanja cha mlimani hata kama kipo kutupa jiwe kutoka sokoni. Mnunuzi wa kiwanja anatazama ujenzi, anawaza mali. Mpangaji hajengi. Yeye anapanda na begi lake na godoro mara moja, halafu kazi yake ni kushuka asubuhi na kupanda jioni. Kwa hiyo mahali palepale, ardhi inaweza kuwa rahisi na chumba kisiwe rahisi kwa kiwango hichohicho. Wenye nyumba wa milimani wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana utaona nyumba isiyofikika kwa toroli ikiwa na vyumba 8 vya kupangisha, na vyote vina watu.

Kuna gharama nyingine za njia ambazo hazisemwi siku ya kutazama kiwanja. Mgonjwa hushushwa kwa kiti, vijana wanne wakipokezana. Gari la zimamoto huishia chini. Gari la kunyonya majitaka nalo mpira wake haufiki. Kwa muda mrefu mvua ikinyesha vyoo vya juu viliwatembelea wa chini. Ndipo MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ikajenga milimani mifumo ya majitaka ya mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na nyumba, na halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa nyakati tofauti zikatandaza barabara za mawe yaliyochongwa kwenye miinuko ambayo lami isingedumu. Kwangu mimi, barabara ya mawe ni miongoni mwa vitu vya busara kabisa jiji hili limewahi kujenga: malighafi iko pale, vijana wa mtaa wanapata kazi, na mvua ikinyesha haiondoki na maji. Njia ikishapata mawe na mtaro, wa kwanza kupandisha bei hawi dalali wa viwanja. Ni mwenye nyumba, mkataba ujao.

Dakika tano za dalali

Mwaka fulani nilikuwa natafuta kiwanja upande wa Buswelu. Dalali alinipakia kwenye bodaboda kutoka barabarani, tukapinda huku, tukapinda kule, tukatokea penye uwazi, mawe mawili makubwa yamebebana, na katikati yake kipande cha ziwa kinang'aa kwa mbali. Nikasema moyoni, hapa hapa.

"Lami iko mbali?" nikauliza.

"Dakika tano tu, bosi."

Nikamwambia atangulie, mimi nitarudi kwa miguu. Akacheka. "Jua hili, bosi?" Nikasisitiza. Akawasha pikipiki, akaniacha.

Nilianza kwa kupita kati ya majabali, mahali ambapo mchanga unameza kiatu. Nikakuta korongo, watu wameweka gogo, nami nikavuka nimetandaza mikono kama mwanasarakasi. Kisha kijia kikakata katikati ya kiwanja cha mtu: vigingi vinne vya zege, lundo la mawe, mihogo kidogo. Pale kijia kilikuwa kimekanyagwa hadi kimekuwa kigumu kama sakafu. Mbele kidogo binti wa shule ya msingi alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevua viatu anakung'uta mchanga. Aliniamkia shikamoo bila kuacha kukung'uta, kwa namna ya mtu anayefanya hivyo kila siku mahali palepale.

Nilifika lami kwa dakika 19. Sikuwa na mzigo. Siku nyingine nilirudi nikafuata barabara iliyochorwa kwenye ramani ya upimaji, ile ambayo gari hupita, nikatumia 28. Dalali hakunidanganya kabisa: kwa bodaboda ni dakika 5. Dalali hupima dunia kwa bodaboda.

Tufanye hesabu ya dakika hizo. Tuseme bodaboda kutoka kiwanjani hadi lami ni shilingi 1,000; weka bei ya kwako kama ni tofauti. Kwenda na kurudi ni 2,000. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi, yaani 624,000 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni 6,240,000, na hapo tumemhesabu mtu mmoja tu. Wakiwa wawili wanaotoka kila siku ni 12,480,000. Sasa kiwanja kilicho jirani na lami kikizidi hicho kwa milioni 5, watu husema cha lami ni ghali.

Hata hivyo nisiwasute wanaonunua mbali, kwa sababu wana akili zao. Milioni 5 za leo kwa mkupuo si sawa na 2,000 ya kila siku, na wengi hawana za mkupuo. Kwetu nyumba hainunuliwi kwa mkopo wa benki wa miaka 30 kama Marekani. Inanunuliwa kiwanja kwanza, halafu tofali za mwaka huu, msingi mwaka kesho, pagale likakaa likiota majani, bati likaja na mkupuo wa mchezo au mafao. Kwa mtu wa namna hiyo kiwanja cha mbali ni mkopo. Anapunguziwa bei leo, na marejesho yanalipwa kidogo kidogo kwa nauli au kwa soli za viatu.

Tatizo ni kwamba mara nyingi mlipaji wa marejesho siye aliyekopa. Baba anayekwenda kutazama kiwanja huenda Jumamosi saa nne asubuhi, kiangazi, juu ya pikipiki. Njia hiyo itatembewa na binti wa kidato cha pili saa kumi na moja alfajiri, na mama anayerudi na mzigo wa sokoni, na dada wa kazi aliyetumwa mkaa, saa moja na nusu usiku, masika, pasipo na taa. Nimeona nyumba nzuri imehamwa na mke na watoto wakarudi kupanga Kirumba, baba akabaki na geti lake.

Kodi haidanganyi sana

Mpangaji ni mpimaji mzuri kuliko sisi tunaonunua. Analipa miezi mitatu au sita, anaishi, anatembea, na mkataba ukiisha kama njia imemchosha anafunga godoro. Kila kodi unayoisikia mtaani imeshapimwa hivyo mara nyingi.

Angalia Bugando. Hospitali ile ya rufaa iko juu ya kilima chake tangu mwaka 1971, na pamoja na chuo kikuu cha afya kilicho palepale inavuta wauguzi, madaktari wanafunzi na ndugu wa wagonjwa usiku na mchana. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hataki habari za mandhari. Anataka mahali atakapofika kwa miguu akiwa amechoka, njia yenye watu na taa. Kwa hiyo vyumba vinavyozunguka kilima kile havisubiri sana mpangaji, hata vile ambavyo ukutani plasta imechoka.

Malimbe ni darasa jingine. Pale kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na mtaa mzima umejipanga kwa miguu ya wanafunzi: hosteli, vyumba, steshenari, chipsi, saluni. Kadiri unavyotoka getini kodi inateremka, na unaweza karibu kuchora duara. Wapo walionunua ardhi Malimbe wakajenga vyumba vya wanafunzi na wakafanikiwa. Lakini mtaa unaotembeka kwenda mahali pamoja tu ni kama mtumbwi wenye kasia moja. Likizo ikifika vyumba vinalia. Udahili ukiyumba mwaka mmoja, mwenye nyumba anayumba nao. Mtaa ambao mtu anatembea kwenda sokoni, na shule, na kituo cha daladala, na kanisani au msikitini, huo hata kimoja kikihama vingine vinabaki.

Na vitu huhama. Kigongo na Busisi kulikuwa na biashara iliyoishi kwa miguu ya abiria: magari yakisubiri kivuko, watu walishuka, wakanunua samaki wa kukaanga, maji, matunda, wakapanda kivuko kwa miguu. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 likafunguliwa, na safari iliyokuwa ya kusubiri ikawa ya dakika chache. Hakuna anayelilia kivuko. Ila aliyekuwa na kibanda pale alijifunza siku hiyo kwamba thamani ya eneo lake ilikuwa kwenye miguu iliyosimama, wala haikuwa kwenye udongo.

Kwa hiyo ukitaka kujua kiwanja kina thamani gani kwa anayetembea, usiulizie viwanja. Ulizia vyumba. Tuseme jirani na lami chumba kimoja ni 60,000, na huko ndani unakotaka kununua, chumba cha aina ileile ni 35,000. Tofauti ya 25,000 kwa mwezi ni bei ya ile njia, imesemwa na watu wanaoitembea. Sasa linganisha viwanja vya sehemu hizo mbili. Kama vimepishana kidogo tu ilhali kodi zimepishana namna hiyo, cha ndani unauziwa kwa bei ya mwenye gari. Kama viwanja vimepishana sana kuliko kodi, huenda cha ndani kimedharauliwa, na hapo ndipo pa kuweka fedha, hasa kama kuna barabara ya mawe au kalavati linakuja. Ila linganisha vyumba vinavyofanana kweli. Chenye choo ndani na cha choo cha nje havikai kwenye mizani moja, na kilichopakana na baa nacho kina bei yake ya kukosa usingizi.

Serikali yenyewe haiioni tofauti hiyo kwenye kodi ya majengo. Inakatwa kwenye umeme, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu kiwango kilipopandishwa kutoka 1,000 mwaka 2023, uwe mlangoni pa stendi au nyuma ya majabali saba.

Njia ya nani?

Turudi kwenye kile kijia cha Buswelu, maana ndani yake kuna jambo ambalo mizani ya Seattle hailijui. Dakika zangu 19 zilipita kwenye kiwanja cha mtu. Zile 9 nilizookoa si za mtaa, ni za mwenye mihogo, ambaye kwa wakati huo hakuwa na fedha za kujenga. Siku akizipata anaweka ukuta, na hakuna wa kumlaumu. Sehemu kubwa ya urahisi wa kutembea pembezoni mwa jiji umekaa hivyo: ni vijia vya kuazima. Mtaa mpya ukiwa na nyumba chache, unapita popote. Ukijaa kuta, unageuka kuwa handaki la matofali, na umbali wa dukani unaongezeka ingawa duka halijahama.

Kwenye skwata, mitaa iliyojengwa bila kupimwa, kuna mchezo mwingine. Kila mwenye eneo anasogeza ukuta wake nusu mita, jirani wa ng'ambo naye anajibu, na njia iliyopitisha pikapu inabaki ya toroli, kisha ya mtu mmoja anayekaa pembeni kumpisha mwenzake. Urasimishaji wa makazi ulipokuja mitaani, watu wapimwe wapate hati, sehemu ngumu kabisa ilikuwa hiyo: kila mtu alitaka barabara, na kila mtu alitaka ikatwe kwa jirani. Mtaa ambao wenyewe walikubaliana mapema kuachia kila mmoja kipande, umepata kitu ambacho hati peke yake haiwezi kukupa. Kabla ya kununua eneo la urasimishaji, ukifika ofisi ya mtaa, omba kuona mchoro, utazame upana wa njia, sio ukubwa wa kiwanja chako tu.

Na ukaribu nao una kikomo. Kiwanja kilichokaa juu ya barabara kuu, daladala zinasimama mlangoni, kinaweza kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba inaweza kutembeka vizuri sana hadi siku inapochorwa alama ya X, ya kubomolewa. Ufukweni ni vilevile: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Laiti ukanda huo ungeachwa wazi watu watembee! Mwanza ina ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bado mtu wa kawaida anayetaka kutembea kando ya maji jioni anazungushwa na kuta na mageti ya hoteli. Pale penye ufuko wa wazi, Jumapili jioni utaona ni watu wangapi walikuwa wanaungoja.

Kiwanja kile sikukinunua. Si kwamba kilikuwa kibaya; ziwa lile kati ya mawe bado nalikumbuka. Mwaka uliofuata nilipita na rafiki yangu aliyekuwa anatafuta upande huohuo. Mwenye mihogo alikuwa amepata fedha: msingi wa mawe ulikuwa umeshanyanyuka na ukuta umezunguka vigingi vyote vinne. Kijia kilikuwa kimehama, kimelizunguka jabali kwa upande wa chini, bado kichanga, majani yamelala tu hayajafa. Tulikipita. Dakika 26. Kwenye jiwe la binti yule hapakuwa na mtu, lakini upande mpya wa njia lilikuwapo jiwe jingine, limeshaanza kung'aa kwa kukaliwa.

Dalali alikuwa anatusubiri lamini, juu ya pikipiki.

"Dakika tano tu, bosi," alikuwa anamwambia mtu kwenye simu.